Msimu wa Hoki Nyuma ya Pazia

Nimeambiwa kwamba ninyi wasichana mnaobaki kazini mnataka niwaandikie namna ya kuendesha msimu wa hoki ya wanawake kabla sijapanda ndege. Maelekezo ya gari la barafu yapo kwenye ukuta wa gereji, kwa Kiingereza na kwa picha. Fuateni picha. Mimi nitaandika yale ambayo hayako ukutani. Mambo ya mshahara sitayagusa kwa sababu mnayajua, na mambo ya vyeo sitayagusa kwa sababu vilipita njia nyingine.

Nilitoka Nyahururu, ambako asubuhi nyingine nyasi huwa nyeupe kwa baridi, nikaja Dubai kutafuta kazi na joto. Joto nililipata kwenye geti la ghala kule Jebel Ali, nikaliona vizuri kwa miaka kadhaa. Kisha kampuni ya ulinzi ikanihamishia uwanja wa barafu. Nje watu walikuwa wakigombania kivuli cha nguzo ya taa, na mimi ndani nimevaa sweta mbili na kofia ya sufu. Mama alipiga simu kuuliza kama ni kweli Arabuni kuna jua kali hivyo. Nilimwambia lipo, ila kazini kwetu halijafika.

Siku ya kwanza nilipewa kaunta ya viatu vya makali, vile vya kutelezea barafuni. Mambo mawili nilijifunza kabla ya chakula cha mchana. La kwanza ni kwamba watu wazima hudanganya namba ya mguu, na wanaume hudanganya kwenda juu. La pili ni kamba: kaza kwenye kifundo, legeza vidoleni. Mtu akikaza kote atarudi kwako akilia kwamba umempa viatu vibovu. Mpe pole, mfungue, mfunge upya, usibishane. Harufu ya viatu hivyo mtaizoea. Mimi niliizoea mpaka nikaanza kuikumbuka nikiwa likizo.

Aliyenifundisha kazi yenyewe ni Gul, fundi wetu, Mpathani kutoka milima ya Swat. Kwao theluji huanguka bure, na hapa alilipwa kuilinda. Alizungumza Kiarabu cha Ghuba, Kiingereza cha gereji na maneno manne ya Kiswahili, na katika hayo manne mawili yalikuwa ni pole pole. Alikuwa na tabia ya kuinama na kuigusa barafu kwa kiganja kila asubuhi kabla ya kusema neno na binadamu yeyote. Nilidhani anasali. Alikuwa anatafuta nyufa.

Nyakati zile gari la barafu, ambalo sisi Wakenya tuliliita tinga, liliendeshwa na wanaume tu. Hakuna aliyekataza wanawake. Hakuna mwanamke aliyekuwa ameomba. Kisha likaja tangazo kwamba vyuo vya wasichana vimeanzisha ligi ya hoki ya barafu, na kwamba uwanja wetu ndio nyumbani kwa timu ya Dubai. Chini ya tangazo palikuwa na sharti: mechi ni za wanawake peke yao. Watazamaji, waamuzi, walinzi, wasafishaji, wote wanawake. Msimamizi wetu, Madam Carmela, Mfilipino asiyepoteza maneno, alilisoma mbele yetu, akaunyoosha mkono wake kuelekea tinga, akauliza nani kati yetu amewahi kuendesha kitu kikubwa. Nilisema kwetu nilikuwa nikiendesha trekta la mjomba. Sikusema kwamba lilikuwa halina breki, kwa sababu hakuuliza.

Gul alinifundisha wiki nzima. Chini ya tinga kuna kisu kinachokwangua barafu iliyochoka. Kuna mnyororo unaokusanya ile theluji na kuipeleka tumboni. Nyuma kuna bomba la maji ya moto, na nyuma ya bomba kitambaa kizito kinachoyatandaza. Kila mgeni huuliza kwa nini maji ya moto. Maji ya moto huyeyusha kidogo barafu ya zamani, yakaganda yakiwa yameshikana nayo. Ya baridi huganda juu peke yake, na kesho yanabanduka kama rangi ya nyumba ya kupanga. Gul alipoona nimezunguka uwanja mzima bila kugonga ubao wa pembeni, alisema khalas, yaani basi, akaenda kunywa chai. Kwa Gul hiyo ilikuwa ni hotuba.

Siku ya mechi kazi huanza mapema. Vioo vyote vinabandikwa karatasi nyeusi. Mlangoni linaning'inizwa pazia zito jeusi, na nje yake anakaa mlinzi wa kike. Kila simu inayoingia inabandikwa kibandiko kwenye kamera, mbele na nyuma, kama inavyofanywa kwenye harusi za wanawake hapa. Usimwonee haya mtu. Nimembandikia mke wa mkubwa mmoja ambaye jina lake likitajwa watu husimama, naye akaniambia nimesahau kamera ya pili.

Mechi ya kwanza kabisa nusura isichezwe. Namatovu, msafishaji wetu kutoka Masaka, alikuwa mwanamke wa kazi, na aliambiwa asafishe ndani yote vizuri kwa sababu wageni wanakuja. Akaisafisha na barafu. Aliipiga deki kwa sabuni ya maji, ile ya harufu ya ndimu, kona hadi kona. Nilipomuuliza alinijibu kwa utulivu kwamba sakafu ni sakafu. Wasichana wa Sharjah waliingia kupasha mwili moto wakasafiri hadi ubaoni bila kupiga hatua. Nilikwangua mara tatu ndipo povu likaisha. Harufu ilibaki hadi mwisho wa mechi, na kapteni wao aliuliza tunatumia dawa gani, ni nzuri.

Kwa anayeanza leo: wachezaji ni sita kila upande pamoja na kipa, kisahani cheusi cha raba badala ya mpira, na vipindi vitatu. Kila baada ya kipindi barafu inakuwa imechanika, na tinga linaingia kuitengeneza. Kundi letu lilikuwa na vyuo vinne, sisi wa Dubai, Sharjah, Al Ain na Abu Dhabi. Kila timu inacheza na kila nyingine nyumbani na ugenini, na mbili za juu zinakutana fainali.

Kipa wetu alikuwa msichana aitwaye Hanan. Familia yao ni ya wale Wazanzibari wa zamani, wanaishi Al Warqa, na nyumbani bado wanazungumza Kiunguja. Mara ya kwanza aliponijia kaunta akanisalimia kwa Kiswahili fasaha kunishinda, nilitazama nyuma kuona anasema na nani. Mwembamba, mpole, lakini akishavaa yale mapedi makubwa ya kujikinga anakuwa mtu mwingine. Anapigiwa kisahani cha uso, anatikisa kichwa, anakirudisha kwa mwamuzi kama anayerudisha chenji.

Baba yake, Bwana Seif, alikuwa na duka la viungo Al Ras. Alimpa ruhusa ya msimu mmoja. Akisha kuucheza, basi, arudi kwenye vitabu. Na ndani ya msimu huo huo aliweka sharti moja: mwanamume asimwone akicheza. Siku pazia litakapofunguliwa kwa mwanamume, hata iwe mechi ya ngapi, ndiyo mwisho. Hanan alinieleza hayo mapema kwa sababu mwenye pazia nilikuwa mimi. Aliniambia bila kulia kwamba hajawahi kupenda kitu kingine namna hii, na kwamba akiachishwa katikati hajui atafanya nini na mikono yake. Nilimwambia pazia litafungwa. Sikujua nitalifungaje, lakini nilimaanisha.

Bwana Seif alimleta mwenyewe kila mechi. Alileta kiti chake cha kukunja na chupa ya kahawa, akakaa nje ya pazia mpaka mechi iishe. Mke wake hakuja hata siku moja. Alisema hawezi kukaa akitazama mwanawe akirushiwa vitu. Kwa hiyo katika nyumba ile hapakuwa na mtu aliyejua Hanan anachezaje. Kati ya vipindi mimi nilikuwa natoka kupumua joto kidogo, naye alikuwa ananimiminia kahawa na kuniuliza mambo. Aliuliza bili ya umeme ya jengo. Aliuliza kama Nyahururu kunalimwa iliki. Akisikia kisahani kinagonga ubao aliuliza kama huko ndani wanajenga. Kuhusu mwanawe hakuuliza neno, na mimi sikumwambia neno, kwa kuwa nilidhani hataki kujua.

Mwanzo wa msimu hapakuwa na la kusimulia kwa fahari. Al Ain walitufunga hadi aliyekuwa akiandika mabao ubaoni akaomba chaki nyingine. Hanan alitoka barafuni, akatapika kwenye ndoo ya Namatovu, akaomba maji, akaniuliza kama uwanja utakuwa wazi kesho asubuhi. Ulikuwa wazi. Alikuja yeye na kapteni, wakapigiana kisahani mpaka watoto wa shule walipofika. Akaja kesho yake tena.

Kesi ngumu ya katikati ya msimu ilikuwa kocha wa Abu Dhabi. Kocha wao wa kike aliugua, wakamleta mwanamume, Mkanada mrefu ambaye hakuwa ameelezwa chochote. Nilimzuia kwenye pazia. Alinionyesha kitambulisho chake, nikakisoma, kilithibitisha kuwa ni mwanamume. Mwishowe tulimpa kiti karibu na Bwana Seif na redio ya mkononi, na kapteni wao akawa anamwelezea kinachoendelea. Alifundisha mechi nzima bila kuiona, akitembea huku na huko kwenye korido na kupiga kelele ukutani. Bwana Seif alimpa kahawa. Walishinda. Nasikia baadaye aliomba afundishe hivyo hivyo siku zote.

Baada ya hapo mambo yakatugeukia. Tuliwafunga Sharjah kwao, kisha tukawafunga Abu Dhabi, kocha wao wa kike akiwa ameshapona. Wasichana walianza kuingia barafuni wakicheka. Hanan alizuia hata visahani ambavyo mimi juu ya tinga nilishavihesabu kuwa bao. Kufika mwisho wa raundi, tulikuwa wa pili, na fainali ilikuwa imepangwa kwetu tangu mwanzo wa msimu, dhidi ya Al Ain wale wale.

Siku ya fainali vipindi viwili viliisha sare, bila kwa bila. Barafu ilikuwa imechoka vibaya. Wasichana waliingia vyumbani kupumzika, tukayasogeza magoli pembeni, nikapanda tinga. Nilikuwa nimemaliza nusu ya uwanja, upande wa Al Ain, tinga lilipokohoa mara moja na kuzima. Nilijaribu ufunguo. Nilijaribu ule ufundi wa mjomba wa kulipiga teke. Tinga lilikaa katikati ya uwanja, zito kama lilivyo, likivuja maji ya moto na kuchimba shimo chini yake.

Sheria ya ligi ilikuwa wazi: uwanja usipokuwa tayari kwa wakati, mwenyeji amepoteza mechi. Madam Carmela aliamua haraka. Vyumba vya wasichana vifungwe kwa ufunguo, akina mama jukwaani wajisitiri, Gul aingie. Ufunguo alinipa mimi. Gul akapita pazia na sanduku lake la vifaa, mbele ya Bwana Seif.

Nilipotoka nje, mzee alikuwa amesimama. Kahawa ilikuwa imefungwa na kiti kimeshakunjwa.

"Bi Peris, yule si mwanamme?" aliniuliza.

"Ni Gul, Mzee. Ni fundi."

"Na fundi si mwanamme?"

Nilimweleza kwamba gari limekufa, kwamba wasichana wamefungiwa, na ufunguo ni huu mkononi kwangu. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu yake yote. Kisha akasema kwamba hanikasirikii mimi, wala hamkasirikii Gul, lakini alisema pazia, na pazia limefunguliwa.

"Ahadi ni deni," alisema. "Mwite Hanan, twende zetu."

Kwa kweli niliogopa. Nilimwona kwa mawazo Hanan kule chumbani na mapedi yake, akingoja kipindi cha tatu ambacho baba yake ameshakifuta. Nikasema jambo ambalo halikuwa kwenye kazi yangu. Nilimwambia aingie aone mwenyewe. Akimkuta msichana hata mmoja barafuni, amchukue wake na mimi nitambebea begi hadi kwenye gari.

Alifikiri. Kisha akavua viatu.

Alivivua pale kwenye pazia kwa mazoea, kama mtu anayeingia nyumba ya watu, akavipanga vizuri, akapita. Nilimwambia huku viatu havivuliwi. Akasema ameshavua. Akatembea juu ya zulia, akafika ukingoni, akakanyaga barafu kwa miguu mitupu, na niliona vidole vyake vikijikunja. Alitazama huku na huko. Hapakuwa na mtu barafuni ila Gul, aliyelala chini ya tinga, miguu nje.

"Mwanangu anasimama wapi?" aliuliza.

Nilimpeleka upande ambao tinga halikufika. Goli lilikuwa limeondolewa, lakini mahali pake palikuwa wazi, kwa sababu barafu ya pale ilikuwa imechimbwa na makali ya viatu, mstari juu ya mstari, mpaka imekuwa unga. Alipapasa kwa unyayo.

"Hizi za nani?"

"Za Hanan."

"Zote?"

"Zote. Ni za kipindi kimoja."

Kisha akaniuliza mbona kulia pamechimbika na kushoto pasafi. Nikamwambia ukweli, kwamba kulia anakwenda haraka, ila kushoto huwa anangoja kidogo. Akatikisa kichwa polepole kama anayeonja kitu.

Gul alitoka chini ya tinga akasema kipuri kinachotakiwa kiko ghalani Jebel Ali, kitafika kesho inshallah. Bwana Seif akaniuliza itakuwaje sasa. Nikamwambia tumepoteza.

"Kwa sababu ya gari?"

"Kwa sababu ya gari."

Alisema katika biashara amepata hasara za kila namna, za mvua, za panya na za ndugu, lakini hasara ya gari bovu la mtu mwingine hajawahi kuikubali. Akarudi kuvaa viatu, kisha akawaita madereva wote waliokuwa wanangoja nje. Gul alilegeza breki. Tukasukuma, madereva, Gul, Namatovu, Madam Carmela, mimi, na Bwana Seif na kanzu yake amekunja mpaka magotini. Tinga lilikataa, kisha likakubali, tukalitoa.

Kilichobaki tulikifanya kwa namna ambayo Gul alisema babu zake wangeielewa. Wanawake tulikwangua kwa sepetu. Wanaume walipokezana ndoo za maji ya moto kutoka kwenye tangi la gereji. Mimi na Namatovu tukayatandaza kwa blanketi zito, tukilivuta kwa kurudi nyuma. Ni kazi ya kuvunja mgongo, na mkifanya haraka inatoka mawimbi, kwa hiyo fanyeni kama Gul alivyosema, pole pole. Bwana Seif alimwaga ndoo zake zote mahali pa kipa. Nilimwambia panatosha. Akaongeza moja.

Mwamuzi alikuja, akapiga barafu kwa gongo la kuchezea, akasema inafaa kwa shida. Wanaume wakatoka wote. Nililivuta pazia, nikalishika kwa mkono kuhakikisha limefika chini, ndipo nikafungua vyumba. Hanan aliniuliza kama baba yake yuko nje. Nikamwambia yuko. Sikusema zaidi, maana alikuwa na kazi.

Kipindi cha tatu alizuia mpaka mikono yangu ikauma kwa kushika ubao. Al Ain walikuja kama watu walioitiwa chakula. Karibu na mwisho mmoja wao alipiga kisahani chini, upande wa kushoto, na Hanan alifika lakini alichelewa kwa upana wa kidole. Tulifungwa moja bila. Wasichana walilia wamekumbatiana, na mimi nililia nyuma ya tinga lililokufa, na sioni haya kuliandika.

Hanan alibadili nguo, akakunja jezi yake, akanipa niirudishe kabatini. Alisema ahsante Anti, msimu wake umekwisha. Alinyoosha uso, tukatoka pamoja kwenye pazia. Bwana Seif alikuwa amekaa kitini, kanzu bado imelowa.

"Mmeshinda?"

"Tumefungwa, Baba. Moja."

"La kushoto?"

Hanan alinitazama. Mimi nilitazama sakafu.

"La kushoto," alisema.

"Kushoto unachelewa," mzee alisema, kama mtu aliyekaa jukwaani msimu mzima. Yalikuwa maneno yangu, lakini nilimwachia. Alikunja kiti, akachukua begi la mapedi kutoka mkononi kwa binti yake, akaliona ni zito, akalihamishia bega la pili. "Unangoja, mwanangu. Kosa kama hilo halirekebishiki kwa siku moja. Mwaka ujao muanze mazoezi mapema."

Akatangulia kuelekea kwenye gari. Hanan alibaki amesimama pale pale. Ilibidi nimsukume kidogo begani, ndipo akamfuata.